Bwana Mwenye Siri na Mtumishi Wake

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja Mwingereza, jina lake Hannah Cullwick, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani katika enzi ya Malkia Victoria, na habari za bwana wake, aliyeitwa Arthur Munby. Watu hawa wawili walikuwa na siri, wakaitunza kwa miaka mingi. Hadithi za watumishi na mabwana wenye siri ni nyingi katika vitabu vya Kiingereza, nazo hupendwa sana. Walakini hii si hadithi ya kubuniwa. Twaijua kwa sababu mtumishi mwenyewe alijua kuandika.

Kwanza yatupasa kuifahamu nyumba ya siku zile. Malkia Victoria alitawala tangu mwaka 1837 mpaka 1901, na kwa sehemu kubwa ya enzi hiyo taa za umeme zilikuwa hazijaingia majumbani. Kila chumba kizuri kilikuwa na meko yake ukutani, na ndani yake moto wa makaa ya mawe, maana baridi ya kule si ya mchezo. Makaa hayo hutoa masizi, na masizi hutua juu ya kila kitu. Nyumba ya bwana wa mjini London ilikuwa nyembamba, nayo yapanda juu ghorofa nne au tano. Jiko lilikuwa chini kabisa, nusu yake ardhini. Watumishi walilala juu kabisa, darini, chini ya paa. Na wenye nyumba walikaa katikati. Basi kila ndoo ya makaa, kila mtungi wa maji ya moto, kila sinia ya chakula, vilipanda ngazi mikononi mwa mtumishi. Na majivu, na maji machafu, na vyombo vya haja za usiku, vilishuka mikononi mwake vile vile.

Mtumishi aliamka alfajiri. Alifungua madirisha, akazoa majivu, akasugua chuma cha meko kwa dawa nyeusi hata king'ae, akawasha moto, akapiga viatu brashi, kisha akapiga magoti nje ya mlango na kusugua vidato vya mawe. Hayo yote yalikuwa yamekwisha kabla wenye nyumba hawajashuka kula chakula cha asubuhi. Bibi Beeton, ambaye kitabu chake cha mwaka 1861 cha kuangalia nyumba kilisomwa na watu wengi sana, alitaja mshahara wa mtumishi wa vyumbani kuwa kati ya paundi 12 na paundi 20 kwa mwaka mzima. Wanawake na wasichana waliofanya kazi za namna hii katika Uingereza walizidi milioni moja. Tena mtumishi aliyetaka kuhamia nyumba nyingine hakupokewa pasipo barua ya sifa kutoka kwa bibi wake wa kwanza. Wazee wetu waliofanya uboi na upishi katika nyumba za Wazungu waliijua vema barua ya namna hii: karatasi ndogo, lakini ndiyo riziki ya mtu.

Mtaona ya kuwa nasema mtumishi, wala sisemi mjakazi. Neno mjakazi katika lugha yetu ni mwanamke mtumwa, na Hannah hakuwa mtumwa. Alipokea mshahara, na akipenda aliweza kuondoka. Shikeni tofauti hiyo, maana tutairudia.

Hannah alizaliwa mwaka 1833 katika mji mdogo wa Shifnal, jimbo la Shropshire. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipata kusoma kidogo tu, na alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alianza kazi. Alipokuwa kijana bado, baba na mama walimfia. Tangu hapo alikwenda nyumba hii na nyumba hii: mara yaya wa watoto, mara msafisha vyombo, mara mtumishi wa kazi zote. Bibi mmoja alimfukuza kwa kuwa alimwona akicheza na mwenzake walipokuwa wakisugua mabirika. Hilo lilikuwa ndilo kosa lake lote.

Mwaka 1854, alipotimiza miaka 21, alikuwa London pamoja na watu aliowatumikia. Njiani akasemeshwa na bwana mmoja kijana. Huyo ndiye Arthur Munby, mtoto wa mwanasheria wa mji wa York, mtu aliyesoma katika Chuo cha Trinity huko Cambridge, mtunga mashairi, ambaye baadaye alikuwa karani katika ofisi moja ya mali za kanisa. Bwana huyu alikuwa na tabia ambayo rafiki zake wangaliishangaa kama wangaliijua yote. Alipenda kuonana na wanawake wafanyao kazi ngumu: wachukuzi wa makaa ya mawe, wavuvi, wakama maziwa, wafagiaji. Aliwauliza habari za kazi yao na mshahara wao, akaziandika, akanunua picha zao. Nyakati zile mabwana wengi hawakumtazama mwanamke wa namna hiyo hata usoni. Huyu aliwatazama mno. Mimi nikisoma habari zake huona heshima ndani yake, na tena huona kitu kingine ambacho si heshima, na mara nyingi siwezi kuvitenga viwili hivyo.

Hannah na Munby wakapendana. Lakini ndoa haikuwezekana, au walidhani haiwezekani. Katika Uingereza ile bwana aliyemwoa mtumishi alifungiwa milango na rafiki zake na aibu ikawafikia ndugu zake wote. Basi wakawa wakionana kwa siri Hannah alipopata ruhusa ya saa chache. Munby akamwomba aandike kila siku kazi aliyoifanya, kisha ampelekee. Hannah akaandika usiku, baada ya kazi, kwa muda wa miaka mingi. Madaftari yake yaliyosalia ni 17. Ndani yake mwaonekana nyumba ya Kiingereza kama inavyotazamwa na mtu aliye magotini: ngazi ngapi zilisuguliwa, dohani zilizosafishwa, wageni wangapi walikula, nani alimsemesha vizuri na nani alimpita kama kiti. Alihesabu hata jozi za viatu alizopiga brashi kwa mwezi. Hapana budi tukumbuke kwamba aliyaandika hayo kwa msomaji mmoja tu, ambaye alifurahi kusikia habari za masizi na jasho. Pengine aliongeza hapa na kupunguza pale. Hata hivyo, vitabu vilivyoandikwa na watumishi wenyewe katika enzi ile ni haba, na kila ukurasa una thamani.

Sasa nafika kwenye jambo lililo zito kusimulia. Hannah alivaa shingoni, chini ya nguo zake, mnyororo uliofungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao Munby. Mkononi alivaa ukanda wa ngozi. Naye alimwita Munby kwa neno la Kiingereza lililotoka vinywani mwa watumwa weusi wa Marekani na visiwa vyake, walipowaita wale waliowamiliki. Alipigwa picha katika mavazi mengi: mara mtumishi, mara bibi mwenye hariri, mara mfagia dohani aliyejipaka masizi mwili.

Sisi ambao babu zetu waliuona mnyororo wa kweli ukipita njiani kwenda pwani, hatuwezi kusoma haya kwa wepesi. Mnyororo wa Hannah alijivika mwenyewe. Watu wale hawakuulizwa. Kwake ulikuwa alama ya kwamba yeye ni wa mtu mmoja na mtu huyo ni wake, na utumishi wake, uliodharauliwa na wote, ulikuwa ndio utukufu wake. Ndivyo alivyosema, nami sina haki ya kumwambia kwamba hakuujua moyo wake. Lakini naona vigumu kusahau ya kwamba alama ile waliiokota katika msiba wa watu wengine.

Kuna jambo jingine ambalo msemaji wa Kiswahili aweza kulielewa upesi kuliko Mwingereza. Kwetu neno bwana hutosha kwa mwenye nyumba na kwa mume. Mke husema, "Bwana wangu amesafiri". Mpishi naye husema maneno hayo hayo. Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili yaliyo mbali, na Hannah aliishi kati ya maneno hayo mawili maisha yake yote.

Mwaka 1872 alihamia katika nyumba ya Munby, katika mtaa wa wanasheria uitwao Temple, akiwa mtumishi wake. Na tarehe 14 Januari 1873 wakaoana kanisani, pasipo karamu. Mwaka ule ule, mwezi wa Juni, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa. Hannah akarudi jikoni. Majirani walijua ya kuwa Bwana Munby ana mtumishi, basi. Rafiki za bwana walipokuja, yeye aliwafungulia mlango, akawaandalia chakula, akaondoa sahani. Wageni wakaenda zao pasipo kujua kwamba wameandaliwa na mke wa nyumba. Jioni mlango ulipofungwa, aliweza kukaa karibu na mumewe.

Mtadhani kwamba siri hiyo ilikuwa ya bwana peke yake, aliyeona haya kumtoa mkewe nje. Kweli, Munby alimwogopa baba yake na watu wa daraja lake. Lakini hapa ndipo habari hii inaponishangaza. Munby alikuja kutamani kumfanya Hannah bibi wa nyumba, na Hannah ndiye aliyekataa. Mwaka ule wa ndoa walisafiri mpaka Ufaransa, naye akavaa kofia na glavu kama bibi, wala hakuna aliyemtambua. Aliweza kabisa. Lakini alichoshwa na kukaa bure, na glavu zilimwudhi mikono.

Sababu zake zafaa kusikilizwa. Bibi wa daraja la juu hakuweza kutembea peke yake njiani apendavyo, wala kuingia dukani kunywa bia, wala kubeba kitu, wala kusema na kila mtu. Mtumishi aliweza. Zaidi ya hayo, mshahara ni mali yake. Kwa sheria ya kale ya Uingereza fedha ya kazi ya mke ilikuwa ya mumewe. Sheria hiyo ilianza kubadilishwa mwaka 1870 tu. Hannah alikuwa amejilisha mwenyewe tangu utoto. Hata cheti cha ndoa hakukithamini sana. Alisema kwamba ndoa haikuongeza kitu katika mapenzi yao, ambayo wakati huo yalikuwa na umri wa karibu miaka 19. Akipokea jina la Bibi Munby mbele ya watu, angepoteza kazi, na kazi ndiyo kitu pekee ambacho hakupewa na mtu.

Mambo hayo hayakukaa kwa amani. Kuwa mke juu na mtumishi chini, katika nyumba moja, kila siku kubadili nguo na sauti, ni mzigo. Palikuwa na ugomvi, na mwaka 1877 Hannah akaondoka London, akarudi Shropshire, akafanya tena kazi ya utumishi. Lakini hawakuachana kabisa. Baada ya muda Munby akawa akisafiri kwenda kumtazama, naye aliendelea kuja hata uzeeni, mzee mwenye ndevu nyeupe akimzuru mwanamke katika nyumba ndogo ya shamba. Watu wa kijijini walisema waliyosema. Hannah alikufa Shifnal mwezi wa Julai 1909, mwenye miaka 76. Munby akamfuata mwezi wa Januari 1910.

Ndipo wasia uliposomwa, na siri ikatoka. Jamaa na rafiki, isipokuwa wachache walioambiwa zamani, wakajua kwamba mzee yule waliyemdhani kapera alikuwa na mke kwa miaka 36, na mke huyo ni mtumishi. Magazeti yakaiandika habari hiyo. Munby alikuwa ameyaweka madaftari, barua na picha katika masanduku. Makumbusho makubwa ya London hayakuyapokea. Yakaenda kwenye chuo chake cha kale, Trinity, kwa sharti kwamba yasifunguliwe mpaka mwaka 1950. Bila shaka alitaka kila mtu aliyewajua awe amekwisha kufa.

Yakafunguliwa wakati huo. Mwaka 1972 kikachapwa kitabu cha maisha ya Munby, maana bwana hutangulia daima. Na mwaka 1984 yakachapwa maneno ya Hannah mwenyewe katika kitabu chenye jina lake. Baadhi ya picha zingalipo pia. Katika moja amekunja mikono ya nguo, na mikono yake imeelekezwa mbele ili ionekane: mikubwa, minene, yenye nguvu. Aliionea fahari mikono ile, na aliwahi kuipima unene ili amwandikie bwana wake.