Buibui Mkubwa wa Usambara: Ana Mayai au Anajivua Gamba?

Kila mmoja awe na daftari na kalamu mkononi, maana leo kalamu ina kazi kubwa kuliko mnavyodhani.

Somo letu ni la buibui. Si yule mdogo wa darini. Ni yule mkubwa mwenye manyoya, ambaye akinyosha miguu hujaza kiganja cha mtu mzima. Wenyewe mmemwona. Mkulima akichimba humkuta shimoni, naye humpiga jembe pasipo kuuliza habari. Lakini Ulaya na Marekani wako watu wanaomfuga katika sanduku la kioo, kama wengine wafugavyo kasuku. Apendwaye sana kwao ni mmoja wa rangi ya machungwa, nao humwita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Wataalamu humwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa na Pocock wa London mwaka 1897. Neno la pili maana yake ni "kama panya", nami sijui panya wa rangi ya machungwa! Sababu ni kwamba wengine wa jamii hiyo wana rangi ya kijivu.

Kwa nini watu wahangaike kuwazalisha? Kwa sababu kila buibui azaliwaye sandukuni ni mmoja asiyechimbwa porini. Huko Mexico yuko buibui mwenye magoti mekundu. Alichimbwa na kuuzwa ng'ambo kwa wingi, hata mwaka 1985 ikabidi biashara yake baina ya nchi na nchi iwekewe masharti.

Sasa tuone wanavyozaana. Dume akishakomaa hutanda kitambaa kidogo cha utando, hudondosha mbegu zake juu yake, kisha huzivuta kwa ncha za vikono viwili vilivyo karibu na mdomo. Ndipo aendapo kwenye shimo la jike, akapigapiga ardhi kwa miguu, kama mtu abishaye hodi. Jike akiwa tayari, naye hujibu kwa kupiga miguu. Akiwa na njaa, huenda akamla mgeni wake. Kwa hiyo mfugaji hodari humshibisha jike kwanza kwa panzi na nyenje, na dume akimaliza humwondoa upesi.

Hapa sikilizeni vizuri. Mbegu haziendi moja kwa moja kwenye mayai. Jike huziweka akiba katika vifuko vidogo ndani ya tumbo lake, kwa majuma au miezi, mpaka siku ya kutaga. Vifuko hivyo vimetandikwa ngozi ndani, na ngozi hiyo ni sehemu ya gamba la mwili wake. Buibui akijivua gamba, ngozi ile hutoka pia, na mbegu zote hupotea. Tena dume aliyekomaa huishi miezi michache tu, ingawa jike aweza kupita miaka 10. Basi pengine yule dume amekwisha kufa, na hakuna wa kuanza naye upya.

Dalili za mayai ni hizi: tumbo huvimba, jike hukataa chakula, na huongeza utando mpaka akaziba mlango wa shimo. Taabu ni kwamba dalili za kujivua gamba ni hizo hizo! Macho peke yake hayatoshi. Kinachosaidia ni tarehe. Jike aliyejivua gamba mwezi wa pili, akapandishwa mwezi wa tatu, akavimba mwezi wa tano, yaelekea ana mayai. Jike aliyekaa mwaka mzima bila kujivua, kisha akapandishwa na kuvimba, yaelekea anataka kujivua.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilipokuwa nasomea diploma nilimfuga jike mmoja, wala sikuandika lo lote, kwa kuwa nilijiamini kukumbuka. Alipoziba mlango nilidhani ni mgonjwa. Nikapasua utando kwa kijiti ili nimtazame. Nikamkuta amekumbatia kifuko cheupe, kipya kabisa. Siku ya tatu kifuko hakikuwapo. Alikuwa amekila. Buibui aliyesumbuliwa hufanya hivyo mara nyingi.

Basi mlango ukizibwa, acheni. Wekeni sanduku mahali pa kimya, maji yasikosekane katika kisahani, na panzi aliyekataliwa aondolewe. Tumbo likisinyaa ghafula, wala hamwoni gamba kuukuu, jueni ametaga. Buibui huyu wa Usambara hutundika kifuko katika utando kama machela, na mayai yaweza kufika 100 na kuzidi. Watoto wakitoka na kuanza kutembea, kila mmoja apewe kikopo chake, maana hulana.

Neno moja la hatari. Buibui hawa wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha kama jamaa zao wengi wa Marekani. Silaha yao ni meno, nao ni wepesi ajabu. Sumu yao haijulikani kuua watu, lakini maumivu ni makali, na misuli yaweza kukaza kwa siku kadhaa. Msitie mkono sandukuni. Tumieni koleo refu, na watoto wakae mbali.

Sasa andikeni mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine: "Siku aliyojivua gamba." "Siku aliyopandishwa." "Siku aliyoziba mlango." Mbele ya kila mstari acheni nafasi ya tarehe. Asiye na buibui, na najua ndio wengi, aandike habari za mbuzi wake: siku aliyopandwa, na mwezi atakaozaa, akihesabu miezi 5. Mwalimu wa darasa atasahihisha. Kwaherini mpaka juma lijalo.