Dawa Bila Maelezo ni Nusu ya Tiba
Kazi ya mfamasia, ya muuguzi na ya mgonjwa mwenyewe katika Soweto Mashariki

Mtu akiugua katika Soweto Mashariki, kimoja cha vijiji vya Kibera jijini Nairobi, aghalabu haendi hospitali kwanza. Huenda kwenye duka la dawa lililo karibu na mlango wake, ambalo wenyeji huliita kemisti. Hali ni hiyo hiyo Kawangware, upande wa Dagoretti, na katika mitaa mingi ya miji yetu. Wala si ajabu. Kemisti hufunguliwa mapema na kufungwa usiku. Hapana foleni ndefu. Na mtu aweza kununua kwa kadiri ya fedha alizo nazo mkononi. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kuipoteza siku nzima akingoja benchini, kwa maana siku asiyofanya kazi ni siku isiyo na chakula nyumbani.

Kwa sababu hiyo, mtu anayesimama nyuma ya meza ya kemisti ana kazi kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kusikia habari za ugonjwa, na ndiye wa mwisho kusema na mgonjwa kabla dawa haijamezwa. Makala hii yaeleza kazi hiyo ni ipi, mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo gani, na kwa nini dawa iliyotolewa bila maelezo ni nusu ya tiba tu.

NANI YUKO NYUMA YA MEZA?

Wenyeji humwita "daktari" kila mtu auzaye dawa. Ni jina la heshima, lakini laweza kuwapoteza watu njia. Kenya ina sheria ya dawa na sumu, Sura ya 244, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1957, na Bodi ya Famasia na Sumu husimamia kazi hiyo nchini. Wanaoandikishwa na Bodi ni wa namna mbili: mfamasia, ambaye husoma chuo kikuu kwa miaka 5, na fundi wa famasia, ambaye husomea diploma kwa miaka 3. Duka lenyewe nalo shurti liwe na leseni. Msomaji aingiapo kemisti atazame ukutani. Akikosa kuona cheti, ana haki ya kuuliza kiko wapi.

Kazi za watumishi wa afya zimegawanyika, na yafaa kila mtu azijue. Daktari au afisa wa kliniki humchunguza mgonjwa, huagiza vipimo, na kuandika dawa. Muuguzi humhudumia mgonjwa, hutoa chanjo na sindano, na kuwafundisha kina mama malezi ya watoto. Mfamasia huhakikisha kwamba dawa iliyoandikwa ndiyo inayofaa, kwamba kipimo chake kinalingana na umri na uzito wa mgonjwa, na kwamba haigombani na dawa nyingine anazotumia. Tena, kazi yake haiishi mpaka mgonjwa awe ameelewa jinsi ya kuitumia.

HOMA SI UGONJWA MMOJA

Tuchukue mfano wa homa. Watu wengi wakisikia mwili una joto na viungo vinauma, husema mara moja, "Hii ni malaria," nao huenda kununua dawa yake. Lakini Nairobi iko juu sana, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na malaria huambukizwa kwa nadra mjini humo. Mtu aliyetoka karibuni pande za Ziwa Victoria au pwani aweza kweli kuwa amekuja nayo. Lakini asiyesafiri huenda ana nimonia, au homa ya matumbo, au ugonjwa mwingine kabisa. Mfamasia mwema atauliza kwanza, "Je, umesafiri wiki hizi? Homa ilianza lini? Umepimwa damu?" Maswali hayo si udadisi. Ndiyo yanayozuia mtu kutumia fedha zake chache kwa dawa isiyomfaa, huku ugonjwa wenyewe ukizidi.

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, yaijua Kibera vizuri mno. Kati ya mwaka 2007 na 2009, wachunguzi wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walifuatilia maradhi katika sehemu za Kibera, na pia katika vijiji vya Lwak, magharibi mwa Kenya. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba katika Kibera, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, walipatikana wagonjwa 247 wa homa ya matumbo, hali huko Lwak walikuwa 29. Walioshikwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 9. Jambo la kutisha zaidi ni hili: robo tatu hivi ya vijidudu vilivyopimwa havikuuawa tena na dawa kadhaa zilizokuwa zikitumiwa siku zote.

Vijidudu hupataje nguvu hiyo? Kila mara dawa ya kuua bakteria, yaani antibiotiki, inapotumiwa, vilivyo dhaifu hufa, na vyenye nguvu huweza kubaki na kuzaana. Kwa hiyo mtu atumiaye antibiotiki kwa mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayaponi kwa dawa hiyo, hapati faida yoyote, bali avipa vijidudu vingine mwilini mwake nafasi ya kuzoea dawa. Vivyo hivyo anunuaye vidonge vinne kwa sababu fedha zimekwisha, au atumiaye vilivyobaki vya jirani. Na vijidudu hivyo havikai katika nyumba moja. Mahali ambapo choo kimoja hutumiwa na jamaa nyingi na maji hununuliwa kwa mtungi, usugu uliozaliwa katika chumba cha mmoja huwa hasara ya kijiji kizima.

Dawa peke yake haitaumaliza ugonjwa huu. Maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni. Tena mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto. Mzazi mwenye shaka juu ya chanjo amwulize muuguzi badala ya kusikiliza uvumi wa njiani.

MASWALI SITA YA KUULIZA

Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Kabla ya kuondoka kemisti au kituo cha afya, mgonjwa awe na majibu ya maswali haya:

1. Dawa hii inaitwaje, nayo ni ya kutibu nini?
2. Nitatumia kiasi gani, na kila baada ya saa ngapi?
3. Niinywe kabla ya chakula au baada yake?
4. Niitumie kwa siku ngapi, nami nikipata nafuu mapema nifanye nini?
5. Ni dalili gani mbaya zinazoweza kutokea, na zikitokea niende wapi?
6. Yaweza kutumiwa pamoja na dawa nyingine ninazokunywa, zikiwamo za mitishamba?

Mgonjwa naye asifiche neno. Mama amweleze mfamasia kama ni mjamzito au ananyonyesha. Mwenye shinikizo la damu aseme, kwa kuwa baadhi ya dawa za maumivu, kama ibuprofeni, huweza kulipandisha. Aliyepata kuvimba au kuwashwa mwili kwa penisilini asiondoke bila kulitaja jambo hilo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Mifano miwili itaonyesha uzito wa maelezo machache. Dawa ya malaria iitwayo AL hutolewa kwa dozi 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hunywewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na zilizobaki hunywewa asubuhi na jioni. Yafaa inywewe pamoja na chakula au maziwa, ili iingie mwilini vizuri. Asiyeambiwa hayo huenda akainywa na njaa, kisha akaiacha siku ya pili mara homa ishukapo.

Mfano wa pili ni mtoto anayehara. Wazazi wengi huomba antibiotiki, kumbe kinachomwua mtoto upesi ni kupungukiwa na maji mwilini. Atahitaji chumvichumvi ya kuongeza maji, iliyokorogwa katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Lakini mtoto akitoa damu katika choo, akishindwa kunywa, au akilegea na macho yakiingia ndani, apelekwe kituo cha afya mara hiyo hiyo.

MAFUNZO KUTOKA KIBERA

Kuna watu wanaosema kwamba mambo haya ni ya hospitali kubwa, na kwamba hayawezekani katika mitaa ya watu maskini. Kibera yenyewe imeonyesha kwamba yawezekana.

Mwaka 2000 muuguzi mmoja wa Kibera, Bibi Tabitha Atieno Festo, alikuwa hana kazi. Mwanafunzi Mmarekani, Rye Barcott, alimpa dola 26, naye akazitumia kufanya biashara ya mboga. Faida yake hakuila yote, bali mwaka 2001 alianza kuwatibu majirani nyumbani kwake. Bibi Tabitha alifariki mwaka 2004, lakini zahanati hiyo ilikua na kuchukua jina lake, na ndimo wagonjwa wengi walimotibiwa wakati wa ule uchunguzi wa homa ya matumbo uliotajwa juu.

Mfano mwingine ni wa wenye maradhi ya kudumu. Shirika la Médecins Sans Frontières, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, lilifanya kazi Kibera kwa miaka 20, mpaka lilipokabidhi huduma zake kwa Serikali mwaka 2017. Wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi, wa kisukari na wa shinikizo la damu walikuwa wengi sana, nao hata wale waliokuwa na hali njema walipanga foleni kungojea vidonge tu. Basi tangu mwaka 2013 vilijaribiwa vikundi vya dawa. Watu 25 hadi 35 walikutana kila baada ya miezi mitatu. Mtumishi wa afya alitazama hali zao, akawapa mafunzo mafupi, na kila mtu akaenda zake na dawa zake. Aliyeonekana kuwa na dalili mbaya alirudishwa kwa afisa wa kliniki. Katika mwaka mmoja vikundi vilikuwa 47, vyenye watu 1,432.

Lililokuwa jipya ni kwamba wenye Virusi vya Ukimwi waliketi chumba kimoja na wenye presha na kisukari. Hilo ni funzo kubwa. Maradhi haya yote yadai jambo moja: dawa kila siku, hata mtu ajionapo mzima. Mwenye presha ambaye hasikii maumivu yoyote hudhani amepona, naye huacha vidonge. Kisha siku moja hupooza upande mmoja wa mwili. Hakuna kidonge kinachoweza kumweleza jambo hilo. Shurti aelezwe na mtu.

Siku hizi mafunzo hufika pia mlangoni. Septemba 2023 Serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa vifaa vya kupimia presha, sukari na joto la mwili. Kazi yao ni kuwatembelea jirani zao, kuwapima, na kuwatuma kituoni kabla hali haijaharibika. Wao si madaktari, nao hawapaswi kuuza dawa. Lakini macho yao huona yasiyoonwa na hospitali.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Haitoshi kumlaumu mnunuzi maskini. Mwenye kemisti naye ana wajibu. Anapouza antibiotiki bila cheti cha daktari, apata faida ya leo na kuwaachia watoto wa mtaa wake ugonjwa usiosikia dawa kesho. Mtu akija na fedha pungufu, ni vema amweleze wazi kwamba dozi nusu si tiba, kisha amwelekeze kwenye kituo cha Serikali, au amtafutie dawa ile ile ya bei nafuu isiyo na jina la kibiashara. Na asiyejua kusoma asipewe karatasi peke yake. Achorewe alama za jua na mwezi kwenye pakiti, kisha aombwe kurudia kwa kinywa chake maagizo aliyoyasikia. Kazi hiyo haichukui dakika tano, nayo yaweza kuokoa roho.

Mgonjwa naye asione haya kurudi na kuuliza tena aliposahau. Fedha aliyolipa si bei ya vidonge tu. Ni bei ya kupona, na maelezo ni sehemu ya mali aliyoinunua. Asiondoke bila kuichukua.