KITUO CHA PAMOJA CHA UENDESHAJI WA KIWANJA CHA NDEGE: MAANA NA MANUFAA YAKE

Kiwanja cha ndege chenye shughuli nyingi hakiendeshwi na idara moja. Ndege inapotua Kiwanja cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume, Unguja, hupokewa na waongozaji ndege, wapakuaji mizigo, wajazaji mafuta, Uhamiaji, Forodha, watumishi wa afya na Polisi, ilhali Zimamoto wako tayari kwa dharura. Kila mmoja ana daftari lake na simu yake. Aghalabu ucheleweshaji hautokani na uvivu wa watumishi, bali na kila idara kujua jambo lake peke yake.

Kwa mintarafu hiyo, baadhi ya viwanja vikubwa duniani vimeanzisha kituo cha pamoja cha uendeshaji. Hiki ni chumba kimoja ambamo wawakilishi wa idara zinazohusika hutazama taarifa zile zile kwa wakati mmoja: ndege ipi imeshaondoka ilikotoka, itatua saa ngapi, itaegeshwa wapi, na foleni ya abiria imefikia wapi. Ieleweke kwamba kituo hakiinyang'anyi idara yoyote madaraka yake. Mnara utaendelea kuongoza ndege na Uhamiaji utaendelea kukagua pasi. Kinachoshirikishwa ni taarifa, pamoja na uamuzi wa lipi litangulie.

Msingi wa utaratibu huo ni saa moja inayoaminiwa na wote, yaani saa ambayo ndege itakuwa imefungwa milango na iko tayari kuondoka. Shirika la ndege au wakala wake huitaja saa hiyo, na huisahihisha kila hali inapobadilika. Mnara nao huitumia kupanga zamu za kuwasha injini. Hivyo ndege husubiri kwenye maegesho injini zikiwa zimezimwa, badala ya kuunguza mafuta katika foleni ya kuruka. Kiwanja cha Munich, Ujerumani, kilikuwa cha kwanza Ulaya kuukamilisha utaratibu huo, mwaka 2007.

Hasara ya kukosa mashauriano ilidhihirika katika kiwanja cha Heathrow, London, theluji ilipoanguka tarehe 18 Disemba, 2010. Takriban safari 4,000 zilifutwa katika siku tano, na maelfu ya abiria walilala majengoni huku wakipewa habari zinazopingana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulisisitiza haja ya idara kuratibu kazi zao kwa pamoja. Mwaka 2014 Heathrow ilifungua kituo chake cha pamoja.

Yamkini mwananchi akadhani kuwa hayo ni mambo ya Ulaya tu. Sivyo. Tuchukue mfano wa mkaazi wa Masumbwe, Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita, anayekwenda Unguja kumzika ndugu yake. Hupanda ndege Mwanza na kubadilisha Dar es Salaam. Mvua ya radi katika Ziwa Victoria ikiichelewesha ndege kwa dakika 40, na habari ikatolewa papo hapo, Dar es Salaam huweza kumwandalia njia ya haraka, kuhamisha mzigo wake mapema, au kuamua kama ndege ya pili imsubiri. Habari hiyo ikichelewa kutolewa, atafika na kuambiwa kwamba ndege imeondoka. Maziko hayatamngoja.

Haja hiyo ni kubwa zaidi Unguja, ambako ndege kubwa za Ulaya na Ghuba hutumia njia moja ya kurukia pamoja na ndege ndogo za Pemba na Tanzania Bara. Jengo la Tatu la abiria lilijengwa kuhudumia watu milioni 1.5 kwa mwaka, lakini jengo pekee haliwezi kuondoa ucheleweshaji.

Aidha, kompyuta nazo hazitoshi. Takwimu huwa na thamani iwapo mtumishi anayejua kwamba kazi yake itachelewa atasema mapema, bila kuogopa lawama. Kuificha dakika 10 ofisini huweza kumgharimu msafiri siku nzima.

Watumishi wanakumbushwa kutoa taarifa za kweli kwa wakati. Wananchi nao wanaombwa kuandikisha katika tiketi nambari za simu wanazozitumia na kufika kiwanjani mapema, kwani abiria naye ni sehemu ya mpango huo. Kidole kimoja hakivunji chawa.