Siku Moja Kairo, Mji wa Mto Nile

Kama unakaa karibu na mto Kagera au Ziwa Victoria, maji unayoyaona kila siku yana safari ndefu mbele yake. Yanatoka ziwani pale Jinja, nchini Uganda. Yanapita Sudani Kusini, kisha Sudani. Yale yasiyokauka njiani yanafika Misri, katika mji wa Kairo. Mji huo pamoja na vitongoji vyake una watu zaidi ya milioni 20. Leo tutautembelea kwa siku moja, kwa njia ya kusoma.

Wageni wanaofika Kairo kwa mara ya kwanza huchukua mwongozaji. Huyu ni mtu anayeujua mji na historia yake, naye hulipwa ili awatembeze wageni na kuwaeleza mambo. Mwongozaji atakuonyesha mawe mengi na kukutajia wafalme wengi. Msikilize. Lakini kila mahali mtakapofika, muulize swali hili: watu wa hapa walipata wapi maji?

Swali hilo lina maana kwa sababu Kairo karibu hakuna mvua. Tuseme umeweka sufuria nje tangu Januari hadi Desemba, na jua halikukausha kitu. Maji ya mvua yatakayokuwamo hayatazidi upana wa vidole viwili. Mahindi hayaoti kwa mvua kama hiyo, wala mtama. Kila tone wanalokunywa na kila shamba wanalolima ni la mto.

Asubuhi: piramidi za Giza

Safari huanza mapema, kabla jua halijawa kali. Upande wa magharibi wa mto, mwanzoni mwa jangwa, kuna piramidi. Piramidi ni kaburi la mfalme lililojengwa kwa mawe, pana chini na lenye ncha juu. Iliyo kubwa kuliko zote ni ya mfalme Khufu. Umri wake ni zaidi ya miaka 4,500. Ilipokuwa mpya ilikuwa na kimo cha mita 146. Fikiri minazi mitano mirefu imesimama mmoja juu ya mwingine. Mawe yake yanakisiwa kuwa zaidi ya milioni mbili.

Watu huuliza: mawe hayo yalifikaje huku jangwani? Jibu limo mtoni. Mawe meupe ya kufunika piramidi kwa nje yalichimbwa Tura, ng'ambo ya pili ya mto, yakaletwa kwa mashua. Wakati wa mafuriko mto ulipanda, na mashua zikapita katika mifereji hadi karibu na kazi. Leo mto uko kilometa 8 hivi kutoka hapo.

Tunayajua haya vizuri zaidi tangu mwaka 2013. Mwaka huo, wataalamu wa mambo ya kale walipata karatasi za mafunjo katika pwani ya Bahari ya Shamu, mahali paitwapo Wadi al-Jarf. Mafunjo ni yale majani marefu yanayoota majini, na Wamisri wa kale waliyatengeneza kuwa karatasi. Hizo ndizo karatasi zenye maandishi zilizo za kale kuliko zote zilizopata kuonekana. Baadhi ni daftari la mtu mmoja aitwaye Merer. Alikuwa mkuu wa kikosi cha watu wapatao 40 waliobeba mawe kwa mashua wakati wa Khufu. Merer aliandika kazi ya kila siku: siku gani walipakia mawe Tura, siku gani walilala njiani, siku gani walifika. Katika siku kumi walienda na kurudi mara mbili au tatu.

Kwangu mimi daftari hilo linashinda piramidi. Piramidi inatupa jina la mfalme. Daftari linatuambia watu wa kazi walikuwa wapi siku fulani na walifanya nini. Na limebaki kwa sababu mtu mmoja alijua kuandika, akaandika kila siku bila kuchoka.

Kairo ya Kale

Sasa gari linavuka daraja kwenda upande wa mashariki. Magari ni mengi mno, na safari fupi yaweza kuchukua saa nzima. Tunafika sehemu iitwayo Kairo ya Kale.

Hapa Warumi walijenga ngome iitwayo Babiloni. Ngome ni jengo lenye kuta nene la kujilinda na adui. Ilipojengwa, ilikuwa kando ya mto kabisa. Leo mto umehamia magharibi, na ngome imebaki nchi kavu. Juu ya lango lake Wakristo wa Misri, waitwao Wakopti, walijenga kanisa, na watu huliita Kanisa Linaloning'inia. Hatua chache kutoka hapo pana sinagogi la kale la Wayahudi. Mbele kidogo ni msikiti wa Amr ibn al-As, ambao ulijengwa kwanza mwaka 642. Ni msikiti wa kwanza nchini Misri, ingawa umebomolewa, kujengwa upya na kupanuliwa mara nyingi tangu wakati huo.

Kisima cha kupima mto

Vuka kijito upande wa magharibi, uingie katika kisiwa cha Roda. Wageni wengi hawafiki huku. Mwongozaji wako akitaka kuparuka, mkatalie.

Pana jengo dogo, na ndani yake shimo kubwa kama kisima, lenye kina cha zaidi ya mita 10. Ngazi za mawe zinashuka kando ya kuta. Katikati imesimama nguzo ya marumaru yenye pembe nane, nayo imechorwa alama toka chini hadi juu. Lilijengwa mwaka 861. Hiki ni kipimo cha mto. Mifereji mitatu ya chini kwa chini ilileta maji kutoka mtoni hadi shimoni. Mto ukipanda, maji ya shimoni yalipanda. Mtu wa zamu aliangalia yamefika alama ipi.

Alama zilihesabiwa kwa dhiraa. Dhiraa ni urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama nusu mita hivi. Kila dhiraa iligawanywa vidole 24.

Kwa nini walipima? Zamani mto Nile ulifurika kila mwaka, kuanzia Juni au Julai hadi Septemba. Mafuriko hayo yalitokana na mvua za milima ya Ethiopia. Maji yalifunika mashamba, yakaacha tope jeusi lenye rutuba, kisha yakarudi. Wakulima walipanda ngano katika tope hilo. Maji yakiwa machache, mashamba ya mbali hayakupata kitu. Yakiwa mengi mno, vijiji vilizama.

Alama ya dhiraa 16 ndiyo iliyongojewa na wote. Maji yakiifika, serikali ilikuwa na haki ya kutoza kodi ya ardhi yote. Siku hiyo mfereji wa mjini ulifunguliwa, na watu walifanya sherehe kubwa. Maji yasipofika hapo, kodi kamili haikuweza kudaiwa, maana shamba lisilopata maji halina mavuno. Kwa hiyo alama moja kwenye jiwe ilikuwa jambo la mkulima na la hazina ya mtawala kwa pamoja.

Lakini habari za mto zilikuwa pia habari za sokoni. Wapiga mbiu walipita mitaani wakitangaza maji yamepanda vidole vingapi. Wafanyabiashara waliposikia maji yanasuasua, walificha nafaka ili bei ipande. Khalifa al-Muizz, aliyeingia Kairo mwaka 973, aliliona jambo hilo. Akakataza kipimo kisitangazwe kwa watu mpaka maji yafike dhiraa 16. Je, alifanya vyema? Aliwazuia walanguzi, ni kweli. Lakini mkulima naye aliachwa gizani, asijue kama aweke akiba au la. Zungumzeni jambo hili darasani.

Na njaa haikuwa hadithi. Mwaka 1200 maji hayakufika hata dhiraa 13. Tabibu mmoja kutoka Baghdad, Abd al-Latif, alikuwa Misri wakati huo, akaandika aliyoyaona. Watu walihama vijiji vizima, na wengi sana walikufa. Mwaka uliofuata mto ulikuwa mdogo tena.

Leo mifereji ya kisima imezibwa, na mgeni anaweza kushuka ngazi miguu ikiwa mikavu.

Ngome iliyo kilimani

Alasiri tunakwenda kwenye ngome ya Salah al-Din, iliyoanza kujengwa mwaka 1176. Iko juu ya kilima, na ndani yake kuna msikiti mkubwa wa Muhammad Ali wenye minara miwili myembamba. Msikiti huo unaonekana toka mbali, na wageni hupiga picha hapo.

Sasa uliza lile swali letu. Askari walio kilimani watakunywa nini adui akiwazunguka? Salah al-Din alichimbisha kisima ndani ya mwamba, chenye kina cha karibu mita 90. Kamba moja isingeweza kuteka maji toka huko. Kwa hiyo waligawa kazi mara mbili. Ng'ombe walishushwa kwa njia ya kuzunguka hadi nusu ya kisima, wakazungusha gurudumu la kuteka maji huko chini. Ng'ombe wengine walikuwa juu, wakayapokea na kuyamalizia. Watu huita kisima cha Yusuf, na wengine hudhani ni Nabii Yusuf. Sivyo. Yusuf lilikuwa jina la Salah al-Din mwenyewe.

Baadaye kisima hakikutosha. Masultani wakajenga mfereji uliopita juu ya matao ya mawe kutoka mtoni hadi ngomeni. Matao hayo bado yapo, utayaona ukiwa njiani.

Jioni mtoni

Tunashuka hadi Uwanja wa Tahrir, maana yake Ukombozi. Mwaka 2011 watu wengi mno walikusanyika hapa, na Rais Mubarak akajiuzulu. Karibu na uwanja kuna daraja la Qasr al-Nil lenye sanamu nne za simba. Simama juu yake, utazame maji.

Hayafuriki tena. Mwaka 1970 Misri ilimaliza kujenga bwawa kubwa huko Aswan, kusini ya nchi. Bwawa linaweka maji ya mwaka wa neema kwa ajili ya mwaka wa ukame, na linatoa umeme. Lakini lile tope jeusi linabaki bwawani, na mkulima hununua mbolea. Tena Wanubi wapatao laki moja, wa Misri na Sudani, walihamishwa ili ziwa lipate nafasi.

Na maji haya ni ya nani? Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Misri na Uingereza ulisema kwamba nchi za Afrika Mashariki zisijenge kitu cha kupunguza maji bila idhini ya Misri. Wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1962 Tanganyika iliyokwisha kujitawala ilisema haifungwi na mkataba huo. Kufikia mwaka 2009 Tanzania ilikuwa imekwisha peleka maji ya Ziwa Victoria kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga. Kwa Misri, hofu kubwa zaidi ni Ethiopia, kwani sehemu kubwa ya maji yanayofika Aswan hutoka huko. Mwezi Septemba 2025 Ethiopia ilizindua bwawa kubwa kwenye mto wake. Misri inapinga. Ethiopia inasema nayo ina watu wasio na umeme. Ukimuuliza mwongozaji wako, atakujibu kama Mmisri, nawe utasikiliza ukikumbuka ziwa lenu.

Ukiwa bado na nguvu, panda feluka. Hii ni mashua ya tanga moja kama dau, na hutembeza watu jua linapozama. Patana bei kabla ya kupanda, uulize pia kama ni bei ya mtu mmoja au ya mashua nzima.