Je, Wajua? Namba Mbili Zikipinduliwa, Kindu Iko Jangwani

Sogea kidogo kwenye benchi, ndugu msomaji, leo kuna mambo! Je, wajua kwamba vilima na mabonde yote ya mji wa Kindu, huko Maniema nchini Kongo, yamo ndani ya faili moja ya kompyuta iitwayo S03E025? Vipimo vyake vilichukuliwa na rada ya chombo cha anga Endeavour, Februari 2000. Siku 11 tu, na karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote duniani ikawa imepimwa.

Sasa shika hili. Ndani ya faili hiyo hamna neno Kindu, hamna Maniema, hamna hata Kongo. Mna namba tupu 1,442,401 za mwinuko, mistari 1,201 yenye namba 1,201 kila mmoja, basi. Mahali namba hizo zilipo duniani pametajwa sehemu moja tu: kwenye jina la faili. Badilisha jina, na mji wote umehama!

Na je, wajua kwamba programu inaweza kubisha mlango wa jirani ikidhani imefika Kindu? Maelezo ya faili yanasema wazi kuwa jina hutaja pembe ya kusini-magharibi, kwa hiyo Kindu, iliyoko latitudo -2.95, imo katika S03. Lakini mwandishi wa programu akikata tu desimali, -2.95 inakuwa -2, na programu inafungua S02E025, mraba ulio kilomita 111 kaskazini. Sikia utamu wake: kosa hilohilo, ukilijaribu Paris, halionekani hata kidogo! Kaskazini mwa ikweta na mashariki mwa Greenwich namba zote ni chanya, na kukata desimali huleta jibu sahihi. Programu inaweza kusifiwa Paris miaka kumi, kisha Kindu ikaiumbua asubuhi moja.

Kindu iko karibu mita 500 juu ya bahari, si ndiyo? Faili huandika 500 kwa baiti mbili, 1 kisha 244, ile kubwa ikitangulia. Kompyuta nyingi za leo huanza na ndogo. Programu isipozigeuza, 500 inasomeka -3,071, na mji wako uko kilomita tatu chini ya bahari!

Hata nusu hatua ina madhara. Maelezo yanasema jina la faili hutaja katikati ya kipimo cha pembeni. Programu ikidhani ni ncha yake, ramani nzima husogea mita 45 hivi. Nyumba iliyojengwa ukingoni kabisa mwa mto Lualaba, upande wa Alunguli, inaweza kuamkia majini.

Unaona hiyo ni safari? Ngoja hii. GeoJSON, muundo wa ramani uliopata kanuni zake rasmi mwaka 2016, hutaka longitudo kwanza: 25.92, kisha -2.95. Mfumo wa EPSG:4326, ambao wapima ramani huutumia kila siku, hutaja latitudo kwanza. Programu ikisoma namba za mmoja kwa kanuni ya mwingine, mitaa ya Kindu ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli zote zinaangukia kwenye mchanga wa Sahara, kusini-magharibi mwa Aljeria, bila tone la Lualaba! Mwaka 2019 GDAL, maktaba inayobeba programu nyingi za ramani duniani, ilibadili mpangilio wake katika toleo la 3.0. Programu zilizotegemea desturi ya zamani zilipaswa kurekebishwa, la sivyo zipindue dunia.

Lakini kosa linalonitisha zaidi ni dogo kuliko hilo. Futa kijistari cha kutoa mbele ya 2.95. Kindu inaruka ikweta, kilomita 650, na kutua jimbo la Bas-Uele. Bado ni Kongo! Ukiuliza kompyuta kama nukta hiyo iko ndani ya nchi, itakujibu ndiyo, tena bila kusita.

Je, wajua mwezi una siku ngapi? Usiseme 30, usiseme 31. UDUNITS, maktaba inayosoma vipimo vya muda kwenye faili za hali ya hewa, ina jibu lake: siku 30, saa 10 na dakika 29, kwa sababu imechukua mwaka wa jua ikaugawa kwa 12. Aandikaye "mwezi 1 tangu Januari 1, 1960" anataka Februari mosi. Programu inampa Januari 31, saa nne na dakika 29 asubuhi.

Na mvua je? Faili za CHIRPS, zenye vipimo vya mvua tangu 1981, huweka -9999 pale pasipo na kipimo. Chukua siku 29 za milimita 5, ongeza siku moja isiyo na kipimo, jumlisha bila kusoma maelezo. Mwezi huo umenyesha milimita -9,854! Mbingu imeinywa mvua.

Mwenye kazi ya takwimu, inua mkono, hii ni yako. Faili za ramani za kampuni ya Esri ziitwazo shapefile huruhusu jina la safu lenye herufi 10 tu. Hesabu kwa vidole: neno "population" lina 10 kamili. Basi "population_hommes" na "population_femmes" zikikatwa tu hubaki "population", na nani mwanamume, nani mwanamke, jedwali halikwambii tena. Faili hiyohiyo huanza kwa kuandika namba kubwa-kwanza, kisha katikati ya utangulizi hugeuka ndogo-kwanza. Urefu wake nao hauhesabiwi kwa baiti moja moja, bali mbili mbili!

Tuingie maabara. Wanaosoma vinasaba vya virusi, kama wafanyavyo watafiti wa taasisi ya INRB, Kinshasa, kwa virusi vya mpox vyenye herufi zipatazo 197,000, hutumia faili SAM na pacha wake BAM. Habari ni ileile. Lakini SAM huhesabu nafasi za herufi kuanzia 1, BAM huhesabu kuanzia 0.

Sasa keti vizuri. Je, wajua chombo cha anga cha dola milioni 125 kilipotea kwa sababu faili ilisema hivi na waraka ukasema vile? Mars Climate Orbiter kiliondoka duniani Desemba 11, 1998. Waraka wa makubaliano ulitaka msukumo wa injini uandikwe kwa nyutoni-sekunde. Programu ya Lockheed Martin ikauandika kwa pauni-sekunde, kipimo kilicho kikubwa mara 4.45, na ndani ya faili namba ni namba, haina harufu ya kipimo. Mahesabu ya NASA yakaimeza miezi mingi. Septemba 23, 1999, chombo kilichopangwa kupita kilomita 226 juu ya Mirihi kilipita kilomita 57. Chini ya 80 hakingeweza kupona.

Ya mwisho, uende nayo nyumbani. Faili za zamani za picha za ubongo, ziitwazo Analyze, zilizotoka Mayo Clinic, hazikuwa na njia ya uhakika ya kusema upi ni upande wa kushoto. Programu moja ilidhani hivi, nyingine vile. Wapimaji walifanyaje? Walimbandika mgonjwa kidonge cha vitamini E kwenye paji, upande wa kulia, kwa plasta. Mafuta ya kidonge hung'aa pichani kama taa ya mtumbwi usiku, na palipong'aa ndipo kulia.