Msuguano wa Mipira ya Upepo baina ya Lori na Trela: Chanzo na Kinga

Lori linalovuta trela kutoka Mombasa hadi Malaba hutegemea mipira miwili myembamba ili lisimame salama. Miongozo ya magari hayo aghalabu huandikwa kwa lugha za kigeni, ilhali dereva, utingo na fundi huelewana kwa Kiswahili. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mipira hiyo inavyosagika na namna ya kuikinga.

Katika malori ya muundo wa Ulaya, mpira mwekundu hupitisha upepo wakati wote na kujaza tangi la trela. Ule wa manjano hupata upepo pale tu dereva anapokanyaga breki. Mwekundu ukipasuka, breki za trela hujifunga zenyewe, hata gari likiwa mwendoni. Wa manjano ni kikulacho: ukitoboka, hautoi sauti yoyote mpaka breki ikanyagwe. Hapo upepo huvuja, na breki za trela huweza kulegea, nalo likaanza kukisukuma kichwa cha lori. Katika mteremko mrefu kama ule wa kushukia Nakuru kupitia Sachangwan na Salgaa, kuigundua kasoro hiyo wakati huo ni kuchelewa.

Chanzo cha kusagika huku ni urefu usiofaa na njia mbaya ya kupitisha mipira. Mpira mrefu kupita kiasi hulalia bamba la chuma lililo nyuma ya kibanda cha dereva, ukasuguliwa kwa kila mtikisiko. Mfupi kupita kiasi hukazika lori linapokata kona, ukakwaruzwa na trela au hata kung'oka.

Kwa hivyo, kwanza, mipira itundikwe kwa springi nyuma ya kibanda, isiguse chuma lakini ibakie na ulegevu wa kutosha kona kali. Pili, mipira na nyaya za umeme zishikwe kwa vibanio ili zisisuguane. Tatu, katika uwanja wazi, dereva akate kona polepole kulia na kushoto, utingo akitazama kutoka mbali kando. Nne, kabla ya safari, magurudumu yatiwe kabari, injini izimwe matangi yakiwa yamejaa, kisha mmoja akanyage breki na mwenzake asikilize mvujo.

Mpira ambao nyuzi zake za ndani zimeanza kuonekana hauna budi kubadilishwa. Kuuviringishia utepe ni kuficha ugonjwa, kwani upepo wa takribani baa 8 hauzuiliwi na gundi. Hata hivyo, kubadilisha pekee hakutoshi. Mpira mpya ukipitishwa palepale ulipopita wa zamani, utasagika vivyo hivyo. Mkwaruzo basi uchukuliwe kuwa ushahidi: fundi atafute kwanza chuma kilichousababisha, ndipo afunge mpira mpya.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika barabara kuu, ufa huo ni mkwaruzo mdogo juu ya mpira, na gharama ya ukuta huweza kuwa maisha ya watu.