Cheti cha afya hakisemi yote

"Dada, nilipimwa nilipoingia China. Niko safi," kijana mfanyabiashara aliniambia mgahawani Xiaobei. Siku ya nne alikuwa akikojoa kwa maumivu, na mfukoni ana siprofloksasini aliyotoka nayo nyumbani. Ameniruhusu nieleze.

Cheti chake nakijua, nami ninacho. Ukiomba kibali cha kuishi hapa, damu huangaliwa VVU na kaswende. Kisonono na klamidia havimo. Tena kipimo ni cha siku ile. VVU vilivyoingia wiki iliyopita huenda visionekane.

Vidonge navyo ni kujichelewesha. Hapa China karibu vijidudu vyote vya kisonono vimeshaizoea siprofloksasini, kwa hiyo hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni. Nikamwambia aende hospitali, aulize "pifuke", idara ya ngozi. Wageni wengi hawajui kwamba magonjwa ya zinaa hutibiwa huko. Apimwe yote, VVU pia, na mpaka daktari aseme amepona asimguse mtu. Kondomu, ambayo ingemwepusha, inauzwa hata duka la pembeni.

Akaitikia yote. Kisha akanyamaza.

Mkewe alikuwa amerudi Mombasa wiki ile ile, baada ya kukaa naye mwezi mzima. Mwanamke mara nyingi haoni dalili yoyote, huku ugonjwa ukiharibu mirija ya uzazi. Na hawajapata mtoto bado.

"Nimwambie nini, dada?"

"Mwambie akapime leo. Maneno mengine yatafuata."

Akatoka nje na simu. Wali wake ukapoa.